Kiti cha Marehemu Baba na Njia ya Majengo

Kutoka Kibokoni hadi Majengo kwa miguu si safari ya kuandikiwa makala. Wakazi wa kisiwa hiki cha Mombasa huipita njia hiyo kila siku bila kuhisi kwamba wamekwenda popote. Lakini mwenye kuifanya safari hiyo akiwa nyuma ya mkokoteni uliobeba kiti cha babake, wiki chache tu baada ya kumzika, huuona mji kwa macho mengine. Kila baraza ina mtu wa kuuliza, na kila anayeuliza anastahili jibu.

Sisi ni watatu tuliozaliwa kwa mama mmoja, ndugu wawili wa kiume na dada yetu. Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia nyumba ambayo watu wengi wana fungu ndani yake, vitabu, saa ya ukutani isiyokwenda, na kiti kimoja cha ngozi. Kiti hicho alikinunua kwenye mnada zaidi ya miaka 40 iliyopita, wakati afisi moja ya karibu na Bandari ya Kilindini ilipofungwa na vyombo vyake kuuzwa. Alikileta nyumbani juu ya mkokoteni, na kwa hiyo mkokoteni ndio uliokifaa tena siku ya kutoka.

Nyumba za wazee wetu hazikujua ngozi ya kukalia. Zilijua vitanda vya kamba, mikeka, na kwa wenye nafasi, kiti cha enzi cha mpingo kilichosukwa kwa uzi. Vyote hivyo hupitisha upepo na haviogopi joto. Kochi la ngozi ni mgeni katika pwani hii, na pwani haikumtendea wema mgeni huyo. Kiti cha Baba kilikaa chini ya dirisha la sebule kwa miaka yote, ili apate upepo wa bahari baada ya sala ya alasiri, tasbihi mkononi. Jua la asubuhi likakausha mkono wake wa kushoto mpaka ukafanya nyufa kama udongo wa kiangazi. Masika yakija, kuvu nyeupe iliota mgongoni, upande ulioegemezwa ukutani. Mahali pa kuegemeza kichwa paligeuka peusi kwa mafuta ya nazi ya nywele, na mkono wa kulia, uliokaa mkono wake na tasbihi, ukawa laini na mweusi kama ganda la tende. Pa kukalia palikuwa na mpasuko wa karibu shubiri moja, ambao hakuna aliyejua umetokea vipi.

Juu ya yote hayo palikuwa na kosa letu wenyewe. Miaka miwili iliyopita tulimwita fundi mmoja akitie rangi kama zawadi kwa Baba. Alikuja mchana na jioni akaondoka, kiti kikimeta kama kiatu kipya. Siku ya Idi, Baba akakalia akiwa amevaa kanzu nyeupe. Aliposimama kupokea wageni, mgongo wa kanzu ulikuwa umechorwa kiti kizima, mishono yake na vifungo vyake. Alicheka mpaka akakohoa. Kanzu ile haikutakata tena, naye hakukubali itupwe. Kufika kaskazi, rangi ile ilianza kubambuka vipande vipande.

Mama alipoingia edani alitaka jambo moja tu katika vitu vya nyumba: kiti kitengenezwe, abaki nacho. Sisi tulikuwa tayari kumwita fundi siku hiyo hiyo. Shehe wetu wa msikitini ndiye aliyetuzuia. Alituuliza, "Kiti ni cha nani?" Tukasema ni cha Baba. Akasema, "Baba yenu hamiliki tena. Kiti ni cha nani?"

Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba tuna ndugu wa nne. Baba aliwahi kuoa mke wa pili, naye ametangulia mbele ya haki, akaacha mtoto wa kiume ambaye sasa ana miaka 11 na analelewa na bibi yake huko Malindi. Mtu mzima anaweza kusamehe fungu lake kwa kauli yake. Mtoto asiyebaleghe hawezi, na hakuna wa kusamehe kwa niaba yake. Mama, akiwa mjane mwenye watoto, ana thumni, yaani sehemu moja katika nane. Saba zilizobaki zinagawanywa baina ya watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke: mbili kwa kila mmoja wa ndugu watatu wa kiume, na moja kwa dada yetu. Kwa hiyo robo ya kiti kile ilikuwa mali ya yatima. Shehe akatuagiza kipimwe thamani kikiwa katika hali yake ya sasa, kabla sindano haijakigusa, ili fedha ya matengenezo yetu isije ikachanganyika na haki yake. Akataka pia apimaye awe mtu anayeijua ngozi, tena si mmoja wetu.

Ndiyo sababu ya safari.

Tulitoka mapema, kabla jua halijapanda. Hamali alikilaza kiti ubavu ili kipite mlangoni, kisha akakifunga kwa kamba juu ya gunia tupu. Vichochoro vya Kibokoni havimpendelei mwenye mzigo, na kwenye kona moja ilitubidi tukishushe, tukibebe mikononi, na kukipakia upya. Mabibi waliokuwa vibarazani walikitambua kabla ya kututambua sisi. Mmoja alishika kifua akidhani tunakwenda kukiuza, akatuambia, "Wanangu, hata arubaini haijafika!" Tukasimama, tukamweleza. Akaomba dua, nasi tukaendelea.

Biashara Street maduka yalikuwa yakifunguliwa na leso zikitundikwa milangoni. Hapo mwenye duka moja alitutolea shilingi 1,500 bila hata kukigeuza kiti. Tulishukuru, tukakata barabara ya Digo baina ya matatu na tuktuk, hamali akipiga mbinja na mkono mmoja ukiwa hewani kama nahodha, tukashika njia ya Mwembe Tayari. Pale mwenye kahawa alitulazimisha kupumzika. Kikombe kimoja kikawa viwili. Hamali naye akakataa kulipiwa, akisema alimjua Baba tangu siku za bandari. Hatukuwa tumemwambia ni kiti cha nani.

Karakana tuliyoelekezwa iko uani, nyuma ya nyumba ya Kiswahili huko Majengo, chini ya mwarobaini mkubwa. Kivuli kile, tulikuja kuelewa baadaye, ni sehemu ya zana zake. Fundi ni mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuuliza tunataka nini. Alikipindua kiti miguu juu, akachomoa misumari midogo ya kitambaa cha chini, akaingiza mkono na tochi. Alibonyeza springi moja moja. Aligonga mbao kwa kidole, akasikiliza.

Kisha akatuonyesha kitu ambacho hatukukijua kwa miaka yote ile. Mgongo wa nje na mbavu za chini hazikuwa ngozi, zilikuwa reksini. Watengenezaji wengi, alisema, huweka ngozi ya kweli pale tu mwili unapogusa, na reksini ya rangi hiyo hiyo pale pasipoguswa. Akakata uzi mdogo kutoka kwenye pindo la kila upande. Wa reksini nyuma yake ulikuwa kitambaa cha kufumwa. Wa ngozi nyuma yake ulikuwa na nyuzinyuzi za mnyama, kama suede. Akatuonya pia juu ya aina ya tatu, ambayo siku hizi imejaa madukani kwa jina la ngozi: vumbi la ngozi lililosagwa, likagandishwa kwa gundi na kupakwa plastiki juu. Hiyo ikianza kubambuka haina dawa, kwa kuwa hakuna kitu chini yake cha kushika rangi. "Mkiletewa hiyo," alisema, "msimlipe fundi. Nunueni mkeka."

Ndugu yetu mkubwa akauliza swali ambalo ami yetu alikuwa ametuzulia matangani: je, tuna hakika si ngozi ya nguruwe? Swali hilo si la kuchekwa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, ngozi ya mnyama aliyekufa hutakasika kwa kile mafakihi wanachokiita dibagh, yaani kutiwa dawa mpaka ukiondoka unyevu wenye kuiozesha. Hukumu hiyo inatokana na hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, ikiwamo ile ya kondoo aliyekufa ambaye Mtume aliuliza kwa nini hawakuifaidi ngozi yake. Lakini ngozi ya mbwa na ya nguruwe zimetolewa katika hukumu hiyo. Fundi hakukasirika. Alivuta pindo la ngozi lililokunjwa chini ya kiti, mahali ambapo rangi haikufika, akatupa kioo cha kukuzia. Vinyweleo vya nguruwe, alieleza, hukaa vitatu vitatu, kama mafiga. Vya ng'ombe ni vidogo na vimetapakaa kwa usawa. Tuliangalia kwa zamu, na dada yetu, mwenye macho makali kutushinda, akatoa hukumu: ng'ombe.

Baada ya hapo tukamuuliza thamani. Alijifuta mikono, akafikiri kwa muda mrefu kuliko tulivyotazamia. Akasema kikitengenezwa kingeweza kuuzwa shilingi 15,000 kwa mnunuzi wa kweli, lakini kazi yake ingefika 7,500, na mnunuzi wa kweli hapatikani kila siku. Jinsi kilivyo, kwa ajili ya mbao ngumu, springi nzima na ngozi inayookoleka, kinastahili 4,000. Tulimweleza kwamba robo ni ya yatima. Akatutazama juu ya miwani. "Ni 4,000," akasema. "Mngetaja yatima mwanzo, ningeogopa na kusema 5,000, nanyi mngedhulumika."

Siku hiyo hiyo tukapeleka shilingi 1,000 Malindi, kwa aliyewekwa kusimamia mali ya mtoto, na tukaandika katika daftari la mirathi. Sisi watatu tukamwachia Mama mafungu yetu kwa kauli ya wazi. Jioni mtoto akatupigia simu mwenyewe. Alitushukuru kama alivyofundishwa. Kisha akanyamaza, akauliza kama fundi ameuona mpasuko. Tukasema ameuona. Akasema ni yeye aliyepasua, likizo ya mwaka juzi, alipokuwa akiruka na kalamu ya risasi mfukoni. Baba alikuwepo. Alimwambia neno lile lisitoke nje, na halikutoka.

Tulikwenda Majengo mara nne katika wiki mbili zilizofuata, nyingine bila haja, kwa sababu kumtazama mtu anayeijua kazi yake ni starehe isiyolipiwa. Kuosha pekee kulimchukua siku nzima. Alitumia povu la sabuni laini juu ya kitambaa kilichokamuliwa, kamwe si maji ya kumwaga, kwani ngozi iliyolowa hukauka ikiwa ngumu na iliyosinyaa. Kuvu ya mgongoni aliifuta kwa spiriti na maji nusu kwa nusu, akakiacha kiti kivulini kipigwe na upepo. Ile rangi ya kanzu ilimkera kweli kweli. Aliitoa kwa pamba na thina, pande la ukubwa wa kiganja kwa wakati, akinung'unika, kwa sababu thina haichagui rangi mbaya na nzuri. Huoza pia ule utando wa asili wa ngozi ukiizidishia.

Mpasuko aliuponya kwa namna ambayo hatukuitarajia. Hakushona. Aliingiza kipande cha turubai jembamba chini ya ngozi kwa kisu butu, akakitandaza kwa ndani, akapaka gundi inayonyumbuka, akazikutanisha kingo na kuziwekea kitabu kizito juu. Alisema sindano katika ngozi kuukuu hufanya kazi ya vitobo vya stempu: siku moja utavuta na itachanika kwenye mstari. Juu ya kovu alipaka tabaka jembamba la kijazio, likakauka, akalisugua kwa msasa laini, akarudia mara tatu. Tabaka la mwisho kabla halijakauka alilibonyeza kwa kipande cha ngozi nyingine, ili liache mikunjo kama ya jirani zake. Nyufa za mkono wa kushoto nazo zilijazwa vivyo hivyo.

Rangi ilimpa shida ya furaha. Alitafuta rangi ya asili chini ya mto wa kiti, ambako jua halikufika wala brashi ya yule mwenzake, akaikuta hudhurungi yenye wekundu ndani, kama maganda ya mkoko. Mfano huo ni wake, na una asili. Magome ya mikoko hutoa dawa ile ile ya kutengenezea ngozi, na mwanzoni mwa karne iliyopita yalisafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki kwenda kwenye viwanda vya ngozi vya ng'ambo. Siku hizi sehemu kubwa ya ngozi ya dunia hutengenezwa kwa chumvi ya kromiamu, na kiti chetu huenda hakikuwahi kukutana na mkoko. Alichanganya nyekundu, manjano, nyeusi na tone la nyeupe, zote rangi za maji. Kila mchanganyiko aliujaribu mahali pa siri na kuukausha kwa mashine ya nywele, kwa kuwa rangi mbichi hudanganya na iliyokauka husema kweli. Alipata mwafaka mara ya tisa. Tulihesabu.

Kisha akapaka kwa sponji, kwa kugusagusa, tabaka nyembamba nne au tano, kila moja ikauke. Mwenye haraka, alisema, hupaka moja nene, na hiyo ndiyo inayopasuka. Mwisho akapuliza utando wa kinga usiometa sana. Bila utando huo, hata rangi nzuri huhamia nguoni.

Ulibaki mkono wa kulia. Mafuta ya kichwani aliyafyonza kwa unga wa chaki uliolazwa usiku kucha na spiriti asubuhi, mara tatu, mpaka pakakubali rangi. Mkono haukukubali. Jasho na mafuta ya miaka 40 yalikuwa yameingia hadi kwenye nyuzi za chini. Akatuita akasema hana hila: ama abadilishe kipande hicho kwa ngozi mpya, ama apake juu ya mafuta, nayo ibambuke baada ya miezi michache. Hatukumjibu. Pale ndipo mkono wa Baba ulipokaa. Tulirudi nyumbani kwa miguu tukiwa kimya, tukipanga namna ya kumweleza Mama bila kumliza.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na hicho kipya, kitanichafua buibui?"

Tukasema hakitamchafua.

"Basi abadilishe."

Tulipokwenda kukichukua, fundi alitwaa kitambaa cheupe, akakilowesha, akasugua kila upande mbele yetu. Kitambaa kilibaki cheupe. Akatupa na wasia wa nyumbani, ambao tunauandika kwa wenye makochi ya ngozi. Kipanguseni vumbi kila wiki kwa kitambaa kikavu. Msikipake mafuta ya nazi wala ya zeituni, kwani ngozi haiyanywi vizuri, huchacha na kulisha kuvu. Msikipake rangi ya viatu. Kikae mbali na dirisha la jua, na wakati wa masika kiachiwe nafasi ya mkono mmoja kutoka ukutani. Pa kichwa pawekwe kitambaa, nacho kifuliwe. Kile kipande cha zamani cha mkono wa kulia alikuwa amekikunja na kukifunga kwa uzi. Dada yetu alikipokea, akakitia mkobani, na hakuna aliyemuuliza.

Hamali alikuwa yule yule. Tulipita Mwembe Tayari bila kusimama, kwani mawingu ya kusi yalikuwa yakikusanyika. Bibi wa barazani alitoka mpaka kichochoroni kukiona. Aliulamba mkono wa kiti kwa ncha ya kidole, akasema, "Mashallah, lakini hakinukii tena yeye." Hatukuwa na la kusema.

Tulikiweka ukuta wa pili, mbali na dirisha. Mama, ambaye eda yake ilikuwa imebakisha muda mrefu, alikuja na leso nyeupe iliyofuliwa. Aliilowesha kidogo, akasugua mahali pa mgongo, akasugua mkono wa kulia. Akaigeuza leso, akaitazama pande zote mbili kwenye mwanga, kisha akaketi.